Ulinzi wa Timu Changa

Tarehe 21 Machi, mwaka wa 2024, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilishindwa na timu ya Chuo Kikuu cha Oakland, cha jimbo la Michigan, kwa pointi 80 kwa 76. Mashindano yale ni ya vyuo vya nchi nzima, na sheria yake ni kali: timu ikishindwa mara moja hufunga mizigo ikarudi kwao. Kentucky ilikuwa imepangwa ya tatu katika fungu lake, na Oakland ya kumi na nne. Kentucky ilikuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa mashindano hayo mara nane tangu mwaka wa 1948; Oakland haikuwa imeutwaa hata mara moja. Baada ya mchezo watu walitafuta sababu, na ile iliyokuwa karibu zaidi na vinywa vyao ilikuwa hii: wale walikuwa vijana.

Nataka kuichunguza sababu hiyo. Naisikia kila mwaka, wala si kwa habari ya Marekani tu. Mwanafunzi akikosa hesabu husemwa kuwa bado kijana. Mwalimu mpya akishindwa na darasa husemwa kuwa bado kijana. Neno hili lina upole ndani yake, kwa hiyo hupendwa; lakini lina uvivu pia, maana hufunga mazungumzo kabla hayajafunguliwa. Ujana hauna dawa isipokuwa miaka, na kama ujana ndio ugonjwa wenyewe, basi mwalimu hana kazi, na mwanafunzi hana la kufanya ila kungoja nywele ziote mvi. Siamini kuwa ni hivyo, na mchezo huu utanisaidia kueleza kwa nini.

Kwanza tuijue timu yenyewe. Tangu mwaka wa 2006 kijana wa Marekani hawezi kuingia katika ligi kubwa ya kulipwa mara tu amalizapo shule ya sekondari. Sharti awe na umri wa miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita. Wengi hodari huutumia mwaka huo katika chuo, kisha huondoka. John Calipari, aliyeifundisha Kentucky kutoka mwaka wa 2009 hadi 2024, alikuwa mashuhuri kwa kuwakusanya vijana wa namna hiyo. Kila mwaka alipokea wapya, na kila mwaka aliwaaga. Katika msimu wa 2023 na 2024 alikuwa na Reed Sheppard, Rob Dillingham, D.J. Wagner na wenzao, wote wa mwaka wa kwanza, pamoja na wakubwa wachache kama Antonio Reeves na Tre Mitchell.

Kwa kushambulia, timu hii ilikuwa ajabu. Ilipata wastani wa karibu pointi 89 katika kila mchezo, na vyuo vilivyoipita nchini kote vilihesabika kwa urahisi. Tarehe 24 Februari iliifunga Alabama pointi 117 kwa 95. Lakini wenyewe nao walifungwa karibu pointi 80 katika kila mchezo. Tarehe 3 Februari, nyumbani kwao, Tennessee iliwafunga 103 kwa 92. Mwenye kupata pointi 92 hupaswa kushinda. Asiposhinda, ujue nyumba yake ina mlango wa mbele uliopambwa, na ukuta wa nyuma umebomoka.

Sasa tuje Pittsburgh. Aliyewaangusha Kentucky ni Jack Gohlke, mtu wa miaka 24, ambaye kabla ya mwaka ule alichezea chuo kidogo cha daraja la pili. Hakuwa mwepesi kuliko vijana wa Kentucky, wala hakuruka juu kuliko wao. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutupa mpira kutoka nje ya ule mstari wa upinde, ulio karibu mita 6 na robo tatu kutoka kikapuni, ambako kila mpira uingiao huleta pointi tatu. Msimu mzima kabla ya siku hiyo alikuwa amejaribu mitupo ya ndani ya mstari isiyofika kumi. Hakuwa na siri. Alitangaza nia yake kama mnadi sokoni. Hata hivyo alitia mipira kumi ya pointi tatu, akapata pointi 32.

Msomaji atauliza: ikiwa mtu hujua kitu kimoja tu, na kila mtu anakijua kitu hicho, yawezekanaje asizuiwe? Swali hili ndilo kiini cha habari yetu. Tujibu kwa haki, tukikiri kwanza kwamba baadhi ya mitupo ile ilikuwa ya shida kubwa, mkono wa mlinzi ukiwa mbele ya uso wake, na mpira ukaingia. Kwa mitupo kama hiyo mlinzi halaumiwi. Lakini mingine ilitokana na kuchelewa, na kuchelewa kuna sababu zake.

Tazama jinsi mtupaji anavyopata nafasi. Hakimbii peke yake. Mwenzake husimama imara kama nguzo katika njia ya mlinzi. Mtupaji hupita karibu sana na nguzo hiyo, na mlinzi hugongana nayo au huizunguka. Katika kitambo hicho kidogo, ambacho hakitoshi hata kuvuta pumzi, walinzi wawili lazima wakubaliane. Je, mlinzi wa kwanza atamfuata mtu wake? Au wabadilishane, wa pili amchukue mtupaji na wa kwanza abaki na ile nguzo? Kila moja ya njia hizi ni nzuri. Ubaya ni mmoja: wa kwanza akidhani wamebadilishana, na wa pili akidhani hawakubadilishana. Hapo watu wawili humlinda mmoja, na mtupaji husimama peke yake kama bwana harusi.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya kushambulia na kulinda, nayo hufahamiwa na wachache. Kijana aweza kujifunza kutupa mpira peke yake. Hutundika kikapu uani, akatupa asubuhi na jioni, na mikono yake hukumbuka. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini hakuna uwanja wa nyuma ya nyumba ambapo mtu hujifunza kubadilishana na mwenzake, maana mwenzake hayupo. Kulinda ni lugha, na lugha haisemwi na mtu mmoja. Mlinzi huona mambo mawili, mtu wake na mpira; la tatu, lililo nyuma ya mgongo wake, hulionea kwa macho ya mwingine. Asipoambiwa kwa sauti, haoni. Akiambiwa na mtu asiyemwamini, hugeuka kutazama kwanza kama ni kweli, na huko kutazama ndiko kuchelewa kwenyewe.

Vijana hawa walitoka katika shule ambazo kila mmoja alikuwa nyota. Nyota wa shule hapewi kazi ya kulinda sana. Mwalimu wake huogopa asichoke, tena asifanye makosa akatolewa uwanjani, kwa maana pointi zote zinamtegemea. Akikosea kulinda, ufundi wake mwingine hulifunika kosa, kwa kuwa adui wa shule jirani hawezi kumwadhibu. Hivyo mtu hufika chuoni akiwa na madeni ya miaka minne asiyoyajua, na watu wanaomdai humngoja huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena kulikuwa na jambo ambalo halikuwa kosa la mtu. Kentucky ilikuwa na vijana watatu warefu wa kusimama chini ya kikapu: Aaron Bradshaw, Ugonna Onyenso na Zvonimir Ivišić. Msimu ulipoanza hapakuwa hata mmoja wao uwanjani. Bradshaw alianza kucheza mwezi wa Desemba, kwa ajili ya maumivu ya mguu. Ivišić hakuruhusiwa kucheza hadi tarehe 20 Januari. Mlinzi wa mbele hujifunza kumbana adui akijua nani yuko nyuma yake. Huyo wa nyuma akibadilika kila mwezi, wa mbele hujifunza upya kila mwezi, na mwezi wa Machi humkuta bado katika ukurasa wa kwanza.

Kutokana na hayo twaweza kufahamu neno la pili, yaani kubadili mpango mchezo ukiendelea. Watazamaji hudhani hii ni kazi ya mwalimu peke yake: aite mapumziko, achore ubaoni, mambo yageuke. Lakini mwalimu hawezi kubadili ila kile ambacho wanafunzi wanacho. Timu iliyojifunza njia tatu za kumlinda mtupaji yaweza kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Timu iliyojifunza njia moja, tena kwa nusu, haina pa kuhamia. Ikiamriwa kuhama huacha hata ile nusu. Ndiyo maana timu changa mara nyingi huonekana kama haikusikia maneno ya mwalimu. Imesikia. Ila neno la mwalimu limeangukia mahali ambapo bado hapajalimwa.

Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Duke katika msimu wa 2017 na 2018. Mwalimu wao, Mike Krzyzewski, aliyefundisha chuoni hapo tangu 1980 hadi 2022, alijulikana kwa ulinzi wa mtu kwa mtu, na wengi waliuhesabu kama imani yake. Mwaka ule wachezaji wanne kati ya watano wa kuanza mchezo walikuwa wa mwaka wa kwanza. Wakawa wanapotezana na kuacha njia wazi kuelekea kikapu. Mwalimu hakushikilia sifa zake. Ilipofika Februari aliwahamisha kabisa katika ulinzi wa eneo, wawili mbele na watatu nyuma, ambapo kila mmoja hulinda mahali badala ya kumfuata mtu. Mambo ya kukubaliana yakapungua, na timu ikatengenea. Hata hivyo dawa ile ilikuwa na kiasi chake. Tarehe 25 Machi 2018, walipobakiza hatua moja kufikia nusu fainali, walifungwa na Kansas 85 kwa 81 katika muda wa nyongeza, na Malik Newman wa Kansas alipata pointi zote 13 za timu yake katika dakika zile tano. Lakini mimi humsifu mwalimu yule. Aliona kwamba wanafunzi wake hawakuwa na miaka ya kujifunza somo refu, akawapa fupi waliloliweza.

Mpaka hapa msomaji aweza kuniambia: nawe umerudi pale pale, sababu zote ulizozitaja ni za ujana. Ningekubali, kama usingekuwapo mwaka wa 2012. Mwaka ule Kentucky hiyo hiyo, chini ya Calipari huyo huyo, ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Kansas 67 kwa 59. Watatu kati ya watano wake wa kuanza walikuwa wa mwaka wa kwanza, na wawili wa mwaka wa pili. Msimu mzima walishindwa mara mbili tu katika michezo 40. Mbora wa hatua ile ya mwisho alitajwa kuwa Anthony Davis, kijana wa miaka 19. Katika fainali alijaribu mitupo kumi, akatia mmoja. Pointi zake zote zilikuwa 6. Lakini aliudaka mpira uliorudi kutoka kikapuni mara 16, na mitupo sita ya adui aliizuia kwa mkono wake. Alitwaa heshima kubwa usiku ambao kikapu kilimkataa, kwa sababu ya kazi aliyoifanya upande ule mwingine wa uwanja.

Tena itazame habari ya pili, kinyume cha hiyo. Mwaka wa 2022 Kentucky ilikuwa na watu wazima zaidi, lakini ilitolewa katika mchezo wa kwanza na Saint Peter's, chuo kidogo kilichopangwa cha kumi na tano katika fungu lake, kwa 85 kwa 79. Basi vijana wamewahi kulinda na kushinda, na wakubwa wamewahi kushindwa. Umri peke yake hauamui.

Tofauti i wapi, basi? Naiona katika mambo mawili. La kwanza ni jambo linalopewa heshima katika timu. Katika mwaka wa 2012 aliyetazamwa na wote, aliyejulikana kuwa bora kupita wote, ndiye aliyefanya kazi isiyopigiwa makofi. Wenzake wasingeweza kuona haya kuinama na kulinda, ilhali mkubwa wao ameinama. Katika mwaka wa 2024 sifa zote zilikuwa katika kufunga. Timu ilijua kwamba ikifungwa 90 yaweza kufunga 95, na mara nyingi iliweza. Anayeweza kulipa deni kila mwezi haoni ubaya wa kukopa. La pili ni kuwako pamoja. Oakland ilimpokea Gohlke mwaka ule ule, naye alikuwa mgeni. Lakini alikuwa mgeni katika nyumba yenye wenyeji, chini ya Greg Kampe, aliyefundisha chuoni hapo tangu mwaka wa 1984. Mgeni mmoja hufundishwa desturi na wenyeji. Wageni wakiwa wengi, nani atamfundisha nani?

Haki yatutaka tuseme pia kwamba vijana wa Kentucky walikuwa wakijifunza. Ile Tennessee iliyowafunga nyumbani mwezi wa Februari, waliifuata kwake tarehe 9 Machi wakaifunga 85 kwa 81, ingawa Dalton Knecht wa Tennessee alipata pointi 40 peke yake. Walakini siku sita baadaye Texas A&M iliwafunga 97 kwa 87, na baada ya hapo ndipo ikaja Pittsburgh. Elimu iliyoingia jana huondoka leo, ikirudi kesho huwa imepungua kidogo woga. Ndivyo kila somo lilivyo. Kosa la mashindano ni kwamba hayangoji. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Sheppard alichaguliwa wa tatu na Dillingham wa nane katika ligi kubwa. Mwezi wa Aprili Calipari alikuwa amehamia Arkansas. Darasa lilivunjika kabla somo halijaisha.

Kwa hiyo lawama yangu si juu ya vijana. Ni juu ya utaratibu uwakusanyao watu kwa miezi michache na kutaka wazungumze lugha ya miaka, na juu yetu sote tupimao mchezaji kwa pointi, kisha tukashangaa asipolinda. Mtu hulima shamba ambalo mavuno yake yanahesabiwa.

Naandika haya kama mwenye kosa pia. Katika chuo cha ualimu ninachofundisha nina timu yangu, nayo hubadilika kila wanafunzi wanapohitimu. Mwaka mmoja tulifungwa vibaya na timu ambayo mtu mmoja wake tu alijua kutupa mpira. Baada ya mchezo niliwakusanya wachezaji kando ya uwanja nikawaambia kuwa ni wavivu. Walinyamaza wote. Kisha mmoja, mpole kuliko wote, akasema, "Samahani, mwalimu. Mimi nilikimbia. Lakini sikujua kama mwenzangu ananiona." Sikuwa na jibu. Niliwafundisha kutupa mpira mwaka mzima, na sikuwahi kutenga hata saa moja ya kuwafundisha kuitana. Tulipoanza zoezi hilo tulikuta ni gumu kuliko kukimbia, maana waliona haya kupaza sauti. Mtu huona haya kumwambia mwenzake "niko hapa" kabla hajawa na hakika kwamba atakuwapo kweli.

Maneno hayo mawili, "niko hapa", ndiyo ulinzi wote. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; tukiutazama kwa mbali twauona mwepesi. Mlinzi mwema ni yule aliyeuinua mzigo huo akaujua uzito wake, hata mwenzake apitwapo na adui, yeye huwa amekwisha kuondoka mahali pake kwenda kumsaidia. Kazi hii haina umri. Kijana wa miaka 19 aliiweza, na wazee wengi huikosa. Lakini lazima ifundishwe mapema, iheshimiwe hadharani, na ipewe muda. Basi siku utakapoisikia timu au darasa au chama kikisamehewa kwa neno "ni vijana", usikubali upesi wala usikatae upesi. Uliza kwanza: wamekaa pamoja muda gani, na ni nani kati yao aliyewahi kusifiwa kwa kumsaidia mwenzake?